Gego limeng'olewa, uji umenichosha: nile nini?

Swali limetoka kwa mwalimu wa shule ya upili anayeishi Luanda, Kaunti ya Vihiga. Alhamisi aling'olewa gego la mwisho la chini, upande wa kulia, katika kliniki ya meno jijini Kisumu. Ufizi ulikatwa kidogo, akashonwa nyuzi mbili, akapewa ibuprofeni na amoksisilini pamoja na karatasi iliyoandikwa "kula vyakula laini" basi. Ameandika Jumapili:

"Daktari, tangu Alhamisi nimeishi kwa uji mwepesi na soda, vyote kwa mrija, kwa sababu mdomo haufunguki vizuri. Sasa nikisimama napata kizunguzungu, tumbo linawaka nikimeza dawa, na nina mtoto wa miezi 8 anayenyonya. Mama mkwe anasema ninywe supu ya moto yenye pilipili ili ioshe kidonda. Mume wangu naye anasema mrenda una magadi, utanichoma. Nile nini, na ugali nitaurudia lini? Jumamosi ijayo kuna shughuli ya mahari kwetu, na sitaki kukaa mezani nikiwatazama wenzangu wakila."

Mwalimu, pole sana. Nimesoma barua yako na kinachonitia wasiwasi zaidi si kidonda. Ni njaa. Umekaa siku tatu bila mlo wa maana huku ukimnyonyesha mtoto, na hicho kizunguzungu ni mwili unaolalamika. Mama anayenyonyesha anahitaji takriban kalori 500 kwa siku zaidi ya mwanamke asiyenyonyesha, na maji zaidi pia. Wewe umepunguza vyote viwili kwa wakati mmoja, tena katika siku ambazo mwili una kazi ya kuziba shimo kwenye taya.

Uji mwepesi sehemu yake kubwa ni maji. Kikombe kimoja kina vijiko viwili vitatu vya unga, kwa hiyo hata ukinywa vikombe vitano kutwa nzima hujafikia nusu ya mahitaji yako. Soda inakupa sukari na gesi. Chupa ya nusu lita ya kola ina zaidi ya gramu 50 za sukari, haina protini hata chembe, na ile tindikali yake haifai kupita juu ya kidonda kibichi. Nyama mpya inayoziba shimo hujengwa kwa protini. Mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 50 za protini kwa siku, na anayenyonyesha huhitaji zaidi ya 60. Yai moja lina gramu 6, glasi ya maziwa ina 8. Jipigie hesabu ya siku zako tatu hizi na utaelewa kwa nini miguu haina nguvu.

Lakini kabla ya chakula, naomba mrija uuweke kando leo hii. Jino likitoka, damu huganda ndani ya shimo na kulifunika, kama kigaga kinavyofunika donda la goti. Chini ya donge hilo kuna mfupa mtupu na ncha za mishipa ya fahamu. Unapovuta kwa mrija, mvuto wa mdomo unaweza kuling'oa donge kabla ya wakati wake, na kutema mate kwa nguvu au kunyonya soda kwenye mdomo wa chupa ni vivyo hivyo. Likitoka mapema mfupa hubaki wazi, na hapo ndipo hutokea kile tunachokiita tundu kavu: maumivu makali yanayoanza siku ya pili, ya tatu au ya nne badala ya kupungua, yanapanda hadi sikioni na kwenye kipaji, mdomo unatoa harufu na ladha inaharibika. Magego ya chini ndiyo yanayopatwa zaidi, na wavutaji sigara wako hatarini kuliko wengine. Wewe uko siku ya tatu na hujataja maumivu yanayopanda, kwa hiyo nina matumaini kwamba donge lako liko mahali pake. Tusilijaribu zaidi. Mrija na chupa viwe mbali kwa wiki nzima.

Utakunywaje, basi, na mdomo haufunguki? Tumia kikombe kidogo chenye ukingo mwembamba, inamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, ukinywe taratibu. Kwa chakula, tumia kijiko kidogo cha plastiki kama cha mtoto. Kile cha kawaida cha mezani kitakugonga meno na kukukatisha tamaa. Taya limekaza kwa sababu misuli ya kutafuna iliguswa na sindano ya ganzi na pia na uvimbe, na uvimbe wenyewe hufikia kilele kati ya siku ya pili na ya tatu. Maana yake kuanzia kesho unapaswa kuanza kushuka. Taya hulegea lenyewe ndani ya wiki moja au mbili. Kitambaa cha maji ya vuguvugu shavuni sasa kinasaidia; barafu ilikuwa ya siku ya kwanza.

Sasa tuingie jikoni, na hapa nina habari njema kwako. Una mtoto wa miezi 8. Maana yake kila siku ndani ya nyumba yako kuna sufuria ya chakula kilichopondwa, kisicho na pilipili, kisicho na mifupa, chenye lishe ya kumkuza binadamu. Chakula hicho ndicho chako. Badala ya kumpikia yeye malenge na wewe ukajikorogea uji wa maji, pika sufuria moja kubwa, toa sehemu ya mtoto kabla hujatia chumvi, inayobaki itie chumvi na kijiko cha samli au mafuta, uile. Kila mmoja awe na kijiko chake tu, hasa wakati huu ambapo una kidonda mdomoni.

Malenge yaliyochemshwa na kupondwa na maziwa ni mazuri sana. Viazi vitamu pia, mradi uchague visivyo na nyuzi na uvichemshe mpaka vikubali kupondwa kwa mwiko bila kubishana. Nduma, matoke, viazi mbatata, vyote vinafaa. Ila hivi vyote ni wanga, na wanga peke yake haujengi. Kila sahani ya wanga iwe na mwenzake. Ponda malenge na kamande zilizoiva kabisa. Ndengu na maharagwe zina maganda ambayo hupenda kujificha shimoni, kwa hiyo yakishaiva yasukume kwenye chujio kwa mgongo wa kijiko: rojo inapita, maganda yanabaki juu. Ni kazi ya dakika tano na inakupa bakuli lenye protini bila hata punje moja ya kutafuna.

Mayai yapike laini, ya kuvuruga, kwa moto mdogo na maziwa kidogo, uyaepue yangali na unyevunyevu lakini yameiva. Yai la kukaanga lililokauka pembeni lina kingo zinazokwaruza. Parachichi lililoiva halihitaji hata jiko, na lina mafuta mema yatakayokupa nguvu ile iliyokosekana kwenye uji. Ndizi mbivu na papai ni sawa. Embe lenye nyuzi, hapana. Mapera na karakara kwa sababu ya mbegu, hapana kabisa.

Halafu samaki. Uko mwendo mfupi kutoka ziwani na hujala samaki tangu Alhamisi! Katika samaki wetu, anayekufaa zaidi ni mbuta, kwa sababu mifupa yake ni mikubwa na huuzwa akiwa minofu iliyokwisha kutolewa mifupa. Ngege ni mtamu, mimi mwenyewe nampenda kuliko mbuta, lakini miiba yake midogo si ya wiki hii. Chukua mnofu wa mbuta wa ukubwa wa kiganja. Lainisha kitunguu kilichokatwa vidogo kwa mafuta kidogo, tia nyanya uliyoisaga na kuchuja mbegu, mimina kikombe cha maji bila chumvi, kisha weka samaki na ufunike kwa moto mdogo dakika 10 hadi 15, mpaka nyama iachane ukiigusa kwa uma. Epua, acha ipoe. Nawa mikono vizuri, halafu ipitishe nyama yote katikati ya vidole, pande baada ya pande, ukiifikicha. Vidole hugundua mwiba ambao macho hayauoni. Toa sehemu ya mtoto, kisha yako itie chumvi na uichanganye na ule mchuzi wake na viazi vilivyopondwa. Kipande hicho kimoja kinakupa karibu gramu 20 za protini, na mtoto naye akipata sehemu yake isiyo na chumvi atakushukuru.

Omena wazima ni hadithi nyingine. Vichwa na vimifupa vyao vikikaangwa huwa vikavu na vikali, navyo ni vyembamba vya kutosha kuzama katikati ya nyuzi. Hao wasubiri wiki tatu. Lakini unga wa omena, uliosagwa laini na kuchekechwa kwa chekeche lenye matundu madogo, unaweza kuutia kwenye uji au kwenye malenge ukiwa bado jikoni. Kijiko kikubwa kimoja kina protini inayokaribia ya yai, na kalsiamu kwa wingi. Harufu yake si ya kila mtu. Kama inakuchefua, achana nao, usijilazimishe. Kichefuchefu na kutapika ni vibaya kwa kidonda chako kuliko kukosa omena.

Sikuambii uache uji. Nakuambia uutie nguvu. Pika uji wa wimbi uwe mzito wa kijiko, nusu maji nusu maziwa, na kabla ya kuuepua koroga ndani yake kijiko kikubwa cha njugu zilizosagwa laini kabisa kama siagi. Njugu za kutwanga nyumbani huacha vipande, hizo hapana. Wimbi wenyewe una kalsiamu nyingi kuliko nafaka zetu nyingine. Uuchuje kama unga una makapi, na uunywe ukiwa vuguvugu. Uji uliochachishwa, ule mkali tunaoupenda wengi huku, uache kwa wiki moja. Uchachu wake utawasha. Vivyo hivyo ndimu na ukwaju kwenye uji. Maziwa mala ya kawaida hayana ukali wa kiasi hicho na wagonjwa wengi huyanywa bila tatizo. Jaribu kijiko kimoja kwanza. Mursik wenye chembe za mkaa wa kibuyu usubiri.

Ukinitaka nikupangie siku ya kesho, ningesema hivi. Asubuhi uji mzito wa wimbi wenye maziwa na njugu, na mayai mawili ya kuvuruga. Saa nne parachichi nusu na glasi ya mala. Mchana mbuta na viazi vya kupondwa. Saa kumi ndizi mbivu iliyopondwa na maziwa. Usiku malenge na kamande, au mrenda ambao nitauzungumzia sasa hivi. Katikati ya hayo yote maji, kikombe kila baada ya kumnyonyesha mtoto, mpaka mkojo wako uwe mweupe au wa manjano hafifu. Joto la huku kwetu halisamehe mtu asiyekunywa maji. Ukila hivi kwa siku mbili na kizunguzungu kikabaki palepale, nenda ukapimwe damu na presha, kwa sababu huenda kuna upungufu wa damu uliokuwepo hata kabla ya jino.

Dawa sasa. Ibuprofeni haimezwi juu ya soda. Ni dawa inayochubua ukuta wa tumbo, na tumbo lako limekuwa tupu kwa siku tatu; ndiyo maana linawaka. Kula kwanza, umeze baadaye, na maji ya kutosha. Kama umewahi kuambiwa una vidonda vya tumbo, iache leo na umpigie simu daktari aliyekung'oa akubadilishie. Parasetamoli haina tabia hiyo: tembe 2 za miligramu 500 kila baada ya saa 6, zisizidi 8 kwa siku. Zote mbili, pamoja na amoksisilini, hutumiwa na akina mama wanaonyonyesha. Zisizokufaa ni kodeini na tramadoli, kwa sababu hupita kwenye maziwa na zinaweza kumlegeza mtoto hadi kupumua kukawa shida; jirani akikupa tembe "kali" zilizobaki kwake, uzikatae. Usitumie aspirini kwa maumivu haya, inafanya damu isigande vizuri. Na amoksisilini uimalize yote hata kama shavu limeshuka.

Tuje kwa mama mkwe. Mwambie kwa heshima kwamba amesema kweli nusu. Supu ni nzuri: ina maji, ina chumvi, inafungua hamu ya kula. Lakini isiwe ya moto. Joto kali hupanua mishipa ya damu na linaweza kuamsha damu iliyokwisha kutulia. Nayo pilipili haioshi kidonda, inakiunguza, na utapata maumivu ambayo hutajua kama yametoka kwenye pilipili au kwenye tundu kavu. Akupikie supu ya kuku wa kienyeji au ya mifupa, aichuje, aiache mpaka akichovya kidole asiumie, ndipo akupe. Na nyama yake isiachwe kwenye sufuria. Watu wengi hunywa supu wakadhani wamekula kuku, kumbe protini nyingi imebaki kwenye nyama. Ichambuliwe nyuzi nyuzi, itwangwe kwenye kinu au isagwe kwa blenda na ule mchuzi, uinywe yote pamoja kwa kijiko.

Kinachoosha kidonda ni maji ya chumvi. Nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya vuguvugu, kila baada ya kula na kabla ya kulala. Saa 24 za kwanza hatusukutui, lakini wewe umeshazipita. Usiyapige maji mdomoni kwa kishindo. Yaweke upande wa kulia, inamisha kichwa huku na huku, kisha fungua mdomo yaanguke yenyewe kwenye sinki. Meno mengine yapige mswaki kama kawaida, ukikaribia kidonda uende polepole.

Na mrenda? Mwambie mumeo mrenda ni rafiki yako wiki hii. Ningekuwa na uwezo ningeuandika kwenye karatasi za kliniki zote za Magharibi na Nyanza. Ni mboga inayoteleza, haihitaji meno, inashuka na chakula kingine bila kukwaruza, na ni majani mabichi yenye madini na vitamini ambavyo kwenye uji hukuvipata. Suala ni namna ya kuupika. Chambua majani tu, vikonyo vyote vitupe, maana vikonyo vina nyuzi. Yakate laini sana kabla ya kuyatia kwenye maji yanayochemka. Magadi, au ile munyu ya kienyeji ya majivu, weka kiasi cha kuulainisha tu, yaani kinachoshikwa na ncha za vidole viwili kwa sufuria ya watu wanne. Mumeo ana haki kidogo hapa: magadi yakizidi ladha inakuwa kali na kidonda kibichi kitayasikia. Ukitaka, acha magadi kabisa kwa wiki moja na uupige kwa mwiko muda mrefu zaidi mpaka uvutike. Unaweza kuuchanganya na majani ya kunde au ya maboga, lakini nayo yawe yamekatwa vidogo mno. Sukuma wiki, hata ikikatwa vipi, huacha nyuzi zinazojizungusha kwenye mshono. Hiyo na managu yenye vikonyo uziache hadi nyuzi za mshono zitolewe.

Ugali, ambao najua ndio swali lenyewe lililokufanya uandike. Jumanne unaweza kuuanza. Usiwe ule mgumu unaokatwa kwa kisu. Pika ugali laini wa unga uliokobolewa, uuivishe muda mrefu kwa moto mdogo, na uule ukiwa umepoa kidogo. Chukua tonge nusu ya lile ulilozoea, uchovye kwenye mrenda, uupeleke upande wa kushoto. Umeng'olewa upande mmoja tu, na hilo ni jambo la kushukuru. Upande wa kushoto ni mzima, utumie. Unga wa posho wenye pumba zake una afya zaidi siku za kawaida, lakini zile pumba ndizo zitakazokaa shimoni, kwa hiyo uuache wiki mbili. Ugali wa mtama na mihogo unaweza kuurudia baada ya wiki moja ukiwa umesagwa laini. Wali upikwe bokoboko, punje zikiwa zimeshikana. Wali wa kuchambuka hutawanyika mdomoni na punje moja inatosha kukusumbua kutwa. Mkate uchovye kwenye chai iliyopoa. Chapati subiri hadi baada ya wiki, uikate vipande vidogo.

Kuna vitu ambavyo sina huruma navyo: bisi, njugu za kukaanga, simsim, mahindi choma, nyoyo (yale mahindi na maharagwe ya kuchemsha), viazi vya kukaanga vikavu, na miwa. Hivyo viwe mbali kwa wiki tatu hadi nne, muda ambao ufizi kwa kawaida huchukua kufunika shimo. Mfupa wa chini huchukua miezi kujijaza, lakini huo haukuzuii kula. Katika orodha yote hiyo ninayemwogopa zaidi ni bisi, kwa sababu ya lile ganda jembamba la punje. Likiingia chini ya ufizi halionekani, halitoki kwa maji, na baada ya siku chache shavu linavimba usaha.

Utahisi chakula kikiingia shimoni. Ni kawaida, humpata kila mtu, na hakiozeshi mfupa kama watu wanavyotishana. Sukutua kwa maji ya chumvi, kikikataa kutoka kiache, kitatoka na mlo unaofuata au usiku. Usikichokonoe kwa kijiti, kwa njiti ya kiberiti wala kwa ukucha. Na ukijitazama kwenye kioo ukaona utando mweupe au wa manjano hafifu juu ya shimo, uuache hapo ulipo. Wagonjwa wengi huukwangua wakidhani ni usaha au mabaki ya uji, kumbe ni sehemu ya kupona kwenyewe. Usaha hutiririka, una harufu na huja na maumivu yanayoongezeka. Utando huo umetulia tu.

Sasa Jumamosi ya mahari. Itakuwa siku ya tisa, na ukila vizuri kuanzia leo utakaa mezani kama watu wengine. Kabla ya hapo, Alhamisi, uliza kliniki kama nyuzi zako ni za kuyeyuka au za kutolewa. Za kutolewa huondolewa baada ya siku 7 hivi, na ni vizuri zitoke kabla ya shughuli. Siku yenyewe, kuku wa kienyeji aliyechemshwa muda mrefu unamweza, ukichukua kidari ukakichambua, au maini, ambayo ni laini na yana madini ya chuma unayoyahitaji. Ugali laini na mrenda, matoke, wali ulioshikana. Sambusa, nyama choma na chapati ngumu waachie wageni. Busaa na pombe nyingine yoyote usiguse, kwa ajili ya kidonda na kwa ajili ya mtoto. Zungumza mapema na wanaopika wakuwekee sahani yako kabla pilipili haijaingia kwenye sufuria. Hakuna atakayeona ajabu, shavu lako lenyewe limeshawaeleza.

Kuna hali chache ambazo usisubiri jibu langu wala Alhamisi. Damu inayoendelea kutoka hata baada ya kung'ata kitambaa safi kilicholowa kwa dakika 30 bila kukiachia; homa ya nyuzi 38 au zaidi; uvimbe unaoongezeka kuanzia kesho badala ya kupungua, au unaoshuka kuelekea shingoni; kushindwa kumeza mate au kupumua kwa shida; na maumivu ya kupanda sikioni ambayo dawa haiyatulizi. Maumivu ya tundu kavu yakija mchana, rudi kliniki iliyokung'oa. Shimo litaoshwa na kuwekwa dawa, na wengi hupata nafuu siku hiyohiyo. Mdomo wa chini na kidevu vikiwa bado na ganzi hadi leo, waeleze pia. Ikiwa ni usiku, au ni shida ya kupumua au kumeza, nenda hospitali iliyo karibu: ya rufaa ya kaunti iko Mbale, na ukielekea Kisumu kuna Jaramogi, ile ambayo wengi bado wanaiita Russia. Beba dawa zote ulizopewa, na neno la kwanza la kumwambia atakayekupokea ni kwamba unanyonyesha.